Rose's Lime Cordial: nimeinywa, na hii ndo stori ya kwanini Waingereza waliitwa limey

Nianze na jibu kwa wale ambao hawana muda wa kusoma mpaka chini. Rose's Lime Cordial ni kinywaji kizuri cha ndimu cha chupa, kina ukali na utamu vyote viwili, bei haiumizi, chupa moja inakaa muda mrefu kwa sababu unazimua na maji, nunua tu. Ila usinunue ukidhani umenunua ndimu, na usimpe mtoto mwenye mafua ukidhani umempa dawa. Hapo kwenye ndimu na dawa ndo kuna stori ndefu, na ni stori hiyohiyo iliyowapa Waingereza lile jina lao la utani, limey, kwahiyo naomba mnivumilie maana hii kitu nimeifuatilia sana na naona wengi wanaisimulia nusunusu.

Kinywaji chenyewe kwanza. Ukifungua kifuniko harufu inayokupokea ni ya ganda la ndimu zaidi kuliko maji yake, ile inayobaki vidoleni ukishamaliza kukamua. Rangi ni kijani iliyofifia, inaelekea njano. Ni nzito, ukiimimina inashuka inakaa chini ya glasi peke yake, ukimwagia maji juu unaziona zile nyuzinyuzi za sukari zinapanda zinajizungusha mpaka ukoroge. Mi naweka kidogo tu chini ya glasi, maji ya baridi sana, barafu, na chumvi kiasi cha ncha ya kisu. Hiyo chumvi watu wa huku Edinburgh, Uskochi, wanaishangaa, lakini mtu aliyekulia Tanga anaelewa bila kuambiwa. Ukitumia maji ya gesi badala ya maji ya kawaida inapendeza zaidi, ukali unakuja juu na utamu unarudi nyuma. Kwa ulimi uliozoea juisi ya ndimu ya nyumbani sukari yake ni nyingi, mi nasema hivyo na rafiki zangu wa Mombasa wanasema hivyohivyo, bas unazimua zaidi ya wanavyoelekeza kwenye lebo na inakaa sawa.

Kwenye chai ya rangi inakubali, mradi usiweke sukari nyingine. Kwenye kachumbari hapana. Kwenye samaki ndo kabisa usithubutu, kwasababu hiyo ni sukari, ukimpaka samaki ukamtia kwenye kikaango ganda linaungua jeusi kabla nyama haijaiva na ladha inakuwa ya pipi. Samaki anataka ndimu yenyewe, ya kukata na kukamua, hakuna mbadala.

Sasa jina. Kazini kwetu kuna Mmarekani mmoja mzee, kuna siku alimwita Mwingereza mwenzetu "limey" na wote wawili wakacheka, mi nikauliza maana yake nini, nikaambiwa ni jina la zamani la kuwatania Waingereza linalotokana na ndimu (lime kwa Kiingereza), walikuwa wanakunywa maji ya ndimu kwenye meli ili wasiugue. Bas, stori ikaishia hapo, na ndo inavyoishia kwa watu wengi. Wengine wanaongeza kwamba jina limetokana na hii chupa ya Rose's. Hapo sio kweli, na nitaeleza kwanini.

Ugonjwa wenyewe ni kiseyeye. Tulisomeshwa shule ya msingi kwamba ni ukosefu wa vitamini C tukaandika kwenye daftari tukasahau, lakini kwa baharia wa zamani kiseyeye kilikuwa kinaua kuliko mizinga ya adui. Mtu anachoka bila kufanya kazi, fizi zinavimba zinageuka kama nyama iliyooza, meno yanalegea, madoa ya damu miguuni, vidonda vilivyopona miaka ya nyuma vinafumuka upya, halafu anakufa. Mwaka 1740 kamanda mmoja wa Kiingereza, George Anson, aliondoka na meli zake kwenda kupambana na Wahispania upande wa Pasifiki, alikuwa na watu kama 1,900, waliporudi mwaka 1744 wapata 1,400 walikuwa wameshakufa, na waliokufa kwa risasi za adui ni wachache wa kuhesabu kwa vidole. Wengi ni kiseyeye na maradhi mengine ya melini. Hebu fikiria unampeleka mtoto wako jeshi la majini na adui yake mkubwa ni fizi zake mwenyewe.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho hawa jamaa wakisimulia stori ya ndimu huwa hawakisemi. Kabla Mwingereza hajaanza kufikiria haya mambo, pwani yetu ilikuwa imeshaonyesha. Vasco da Gama alipofika Mombasa April 1498 watu wake walikuwa wagonjwa, mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo na machungwa mengi na malimau na miwa, na mwandishi wa safari ile aliyekuwa humohumo kwenye meli akaandika kwamba walipofika mji huu wagonjwa wao wote walipona. Yeye alisifia hali ya hewa ya Mombasa! Hali ya hewa ya Mombasa ni nzuri sawa, lakini kilichomo kwenye kile kikapu cha mfalme ndo kilichofanya kazi. Halafu wakaenda India, wakati wa kurudi wakakutana na pepo za mbisho na shwari, wakakaa baharini karibu miezi mitatu, watu 30 wakafa na kila meli ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kushika kamba. Wakaingia Malindi January 1499 na kitu cha kwanza walichotuma kutafutiwa wagonjwa ni machungwa. Wameshajua sasa. Machungwa yakaletwa, ila wengi walikuwa wameshaharibika sana, wakafia palepale Malindi. Yani ujuzi ulikuwepo, umeandikwa mpaka kwenye daftari la safari, na bado karne mbili na nusu baadae meli za Ulaya zilikuwa zinazika watu baharini.

Mtu aliyekuja kulipima jambo hili kwa utaratibu ni daktari wa meli anaitwa James Lind, mzaliwa wa hapahapa Edinburgh, 1716. Mwezi May 1747 akiwa kwenye manowari ya HMS Salisbury alichukua wagonjwa 12 wa kiseyeye waliokuwa na hali inayofanana, akawalaza sehemu moja, chakula kimoja, akawagawa wawiliwawili. Wawili akawapa sida ya tufaha, wawili matone ya asidi ya salfa iliyochanganywa, wawili siki, wawili maji ya bahari (maskini!), wawili dawa ya mchanganyiko, kitunguu saumu na haradali na vikorokoro vingine vimesagwa pamoja, na wawili wa mwisho machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha ndani ya siku sita. Lakini siku hizo sita zilitosha, mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini na mwenzake akawa ndo muuguzi wa waliobaki. Mwaka 1753 akatoa kitabu. Na mnajua wakubwa walifanya nini? Hakuna. Ilichukua zaidi ya miaka 40 tangu lile jaribio, mpaka 1795, daktari mwingine Mskochi, Gilbert Blane, alipowashawishi wakuu wa jeshi la majini watoe maji ya limau kwa mabaharia. Kikapimwa kipimo kidogo tu kila siku, chini ya aunsi moja, na sukari, mara nyingi kikachanganywa na ramu yao. Kiseyeye kikapotea kwenye manowari za Kiingereza kama kimeondolewa kwa mkono. Meli zikawa zinaweza kukaa baharini miezi na miezi zikizunguka bandari za Ufaransa wakati wa vita vya Napoleon, bila hiyo limau sidhani kama wangeweza.

Mmeona nimeandika limau. Sio ndimu. Shikeni hapo hapo.

Kwa meli za biashara sheria ilikuja kidogokidogo, na ile iliyobana kabisa ni ya 1867, Bunge la Uingereza likaagiza kwamba wafanyakazi wa meli wakishakula nyama ya chumvi siku kumi, kila mtu apewe aunsi moja ya maji ya ndimu au limau kila siku, na hayo maji yakaguliwe na serikali kabla hayajapanda melini, yawe na pombe asilimia 15 ya kuyahifadhi yasichache. Mabaharia wa mataifa mengine wakaona ajabu. Meli ya Mwingereza ikiingia bandarini Wamarekani wanasema hiyo inakuja "lime-juicer", meli ya maji ya ndimu, na waliomo ndani nao ni lime-juicer. Ila neno hilo halikuzaliwa na sheria ya 1867. Miaka ya 1850 tayari Waaustralia walikuwa wanawaita hivyo Waingereza wapya wanaoshuka melini, wale waliokunywa maji ya ndimu njia nzima na bado wananuka safari. Baadae, mwanzoni mwa karne ya 20, likakatwa likawa fupi, limey, na kwenye vita ya kwanza ya dunia Wamarekani wakalichukua wakaliita kila askari na baharia wa Kiingereza, mwisho likawa la Mwingereza yeyote hata ambaye hajawahi kupanda mtumbwi.

Ndo maana nasema sio chupa ya Rose's. Lauchlan Rose alianzisha biashara yake Leith mwaka 1865, bandari ya hapa Edinburgh, familia yake walikuwa watu wa meli, na 1867, mwaka uleule wa sheria, akasajili hataza (patent, haki ya ubunifu) ya namna ya kuhifadhi maji ya ndimu bila pombe. Jina lime-juicer lilikuwa limeshazeeka miaka kadhaa. Rose alichofanya yeye ni kuitoa ndimu melini na kuiingiza jikoni, kwasababu maji ya ndimu yenye ramu ni ya baharia, lakini yenye sukari na bila kilevi hata mama na watoto wanakunywa, na wale wa vilabu vya kupinga pombe enzi hizo waliikaribisha kwa mikono miwili. Kwangu mimi nisiyekunywa kilevi hii ni sifa kubwa ya bidhaa na naihesabu kabisa kwenye maksi. Miaka ya 1890 kampuni ikanunua mashamba ya mindimu Dominica, kisiwa cha Karibi, na 1957 ikachukuliwa na kampuni ya vinywaji ya Schweppes. Kumbuka kwamba hayo mashamba ya Karibi yalikuwa kwenye visiwa ambavyo muda si mrefu kabla ya hapo watu weusi walilimishwa utumwani, ndimu ya bei nafuu ina historia yake na sio ya kupita juu juu.

Kuna wanaodai limey imetokana na Limehouse, mtaa wa bandari kule London ya mashariki walikokuwa wanakaa mabaharia wengi. Inavutia lakini hapana, ule mtaa umepata jina kutokana na matanuru ya chokaa, kwa Kiingereza chokaa na ndimu jina moja, bahati mbaya tu, na ushahidi wote wa maandishi unaelekea kwenye maji ya ndimu.

Sasa rudini kwenye limau, maana hapa ndo penye uchungu. Sisi watu wa pwani ndimu ni ndimu na limau ni limau. Mtoto akitumwa sokoni akalete ndimu akirudi na malimau anarudishwa, hakuna mjadala, kile ni kidogo cha kijani ganda jembamba na maji makali, hiki ni kikubwa ganda nene, kinafaa kwa mengine. Bara najua wapo wanaochanganya majina ila hata wao wakiviona viwili mezani wanajua ni vitu viwili. Waingereza wa karne ya 18 na 19 kwenye karatasi zao za jeshi na serikali walikuwa wanaandika neno hili au lile bila kujali, lime (ndimu), lemon (limau), yote maji ya uchachu ya kumpa baharia. Na kwa miaka mingi haikuleta shida kwasababu kilichokuwa kwenye mapipa ni malimau kweli, yakitoka Malta na Sicily na kwingine huko bahari ya Mediterania.

Halafu kuanzia miaka ya 1860 wakabadilisha. Karibi kulikuwa na makoloni yao wenyewe, mindimu imejaa, kwanini wanunue kwa watu wengine? Wakahamia kwenye ndimu. Kwenye karatasi hakikubadilika kitu maana jina lilikuwa lilelile, na ndimu ni kali zaidi mdomoni, kwahiyo kila mtu akaona wamepata dawa bora kuliko ya mwanzo. Walidhani uchachu ndo dawa! Vitamini C walikuwa hawaijui, ilikuja kutambuliwa miaka ya 1930. Hawakujua kwamba ndimu ile ya Karibi ina nguvu ndogo kuliko limau, na hawakujua kwamba ukiyaacha maji yake yakae kwenye upepo na mwanga, au ukiyapitisha kwenye mabomba ya shaba, nguvu inazidi kuondoka. Hata Lind mwenyewe zamani alishauri maji ya matunda yachemshwe mpaka yawe mazito ili yasafiri vizuri, bila kujua kwamba moto unakula ile dawa yenyewe.

Kwa muda mambo hayakuonekana, kwasababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari, mtu anafika bandarini anakula chakula kibichi kabla kiseyeye hakijamkuta. Mpaka walipokwenda mahali ambako hakuna bandari. Mwaka 1875 jeshi la majini lilituma meli mbili, Alert na Discovery, chini ya George Nares, kutafuta ncha ya kaskazini ya dunia. Maji ya ndimu yalikuwepo ya kutosha. Waliposhuka kuvuta masledi kwenye barafu kiseyeye kikawaangusha mmoja baada ya mwingine, wengine wakafa, na Nares akalazimika kurudi nyumbani 1876 mapema kuliko walivyopanga. Tume ikaundwa, ikasema kosa ni kwamba wale wa masledi hawakupewa maji ya ndimu ya kubeba. Ndimu yenyewe haikushukiwa. Watu wakaendelea kuiamini miaka mingine 40, na vita ya kwanza ya dunia ikawakuta askari, hasa wa Kihindi waliokuwa wanapigania Uingereza kule Mesopotamia, Iraki ya leo, wakiugua kiseyeye mwaka 1916.

Waliokuja kufumbua ni wanawake, na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Taasisi ya Lister, ya utafiti wa tiba kule London, wakati wanaume wengi wako vitani, Harriette Chick na wenzake walikaa na simbilisi kwenye maabara, wakawalisha chakula kisicho na matunda halafu wakapima kiasi gani cha ndimu na kiasi gani cha limau kinazuia kiseyeye. Wakakuta ndimu ina kama robo tu ya nguvu ya limau, na maji ya ndimu yaliyokaa chupani karibu hayana kitu. Mwenzao Alice Henderson Smith akaingia kwenye karatasi za zamani za jeshi la majini, akafuatilia mwaka kwa mwaka nini kilinunuliwa na kutoka wapi, akaonyesha kwamba zile enzi za sifa zilikuwa za limau la Mediterania, na ndimu ilikuja kurithi sifa ambazo sio zake. Hiyo kazi ilitoka 1918 na 1919. Kwahiyo wakati Wamarekani wanamwita Mwingereza limey kwenye mahandaki ya Ufaransa, ndo mwaka uleule London inagundulika kwamba ndimu siyo iliyowaokoa babu zao. Hilo jina kwa haki lingekuwa la limau.

Nimezungumza na watu wa hapa kuhusu haya na kitu kinachonigusa ni jinsi Waskochi wanavyoipokea hii stori. Lind Mskochi, Blane Mskochi, Rose Mskochi. Jina la utani likaenda kwa Waingereza! Mmarekani yeye hatofautishi, kwake wote wa kisiwa hiki ni limey, lakini huku ukimwita Mskochi Mwingereza umemkosea, wao wana neno lao la kumwitia Mwingereza, Sassenach, linatoka kwenye Kigeli chao na asili yake ni Wasaksoni, watu wa makabila ya Kijerumani waliohamia Uingereza zamani sana. Linaweza kuwa utani au tusi, inategemea nani anasema na kama mpira umechezwa siku hiyo. Mfaransa naye anawaita rosbif, nyama ya kuoka, kwasababu ya chakula chao cha Jumapili. Na Waaustralia waliiacha limey zamani, siku hizi wanasema pom au pommy, na hiyo nayo ni tunda, maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wa kamusi ni kwamba mhamiaji ("immigrant" kwa Kiingereza) alikuwa anafanyiwa mchezo wa vina mpaka akawa "pomegranate", yani komamanga, likafupishwa, lilianza kuandikwa mnamo 1912. Ile stori kwamba pom ni herufi za mwanzo za "mfungwa wa mfalme" walizoandikwa wafungwa kwenye nguo haina ushahidi wowote, msiisambaze. Mwingereza kabaki kaitwa ndimu upande mmoja wa dunia na komamanga upande mwingine.

Je limey ni tusi? Kwa ninavyoona na nilivyowauliza wenyewe, hapana, ni neno lililochakaa, wengi wanalisikia kwenye filamu za zamani tu na wanatabasamu. Ila usimwite mtu usiyemjua. Kama ambavyo mzungu ni neno la kawaida kabisa mtaani kwetu lakini kuna wanaochoka kuitwa hivyo na kila mtoto njiani.

Haya, turudi dukani. Nani anunue? Kama uko ughaibuni, ndimu zinauzwa mojamoja kwa bei ya ajabu na zenyewe zimekauka ngumu kama jiwe, hii chupa inakusaidia sana mwezi wa Ramadhani wakati wa kufuturu, au wageni wakija ghafla, glasi inatoka ndani ya dakika moja na kila mtu anafurahi. Watoto wanaipenda. Ukiwa na majani ya nanaa yatwange kidogo na barafu umwagie humo, utanishukuru. Ukiwa na tangawizi mbichi ikune ndani pia, ile sukari inapata mpinzani na kinywaji kinachangamka. Kwa ukwaju usiichanganye, vyote viwili vinagombana.

Kama uko Tanga, Unguja, Lamu, Mombasa, ambako ndimu zinauzwa kwa fungu na jirani ana mti unaodondosha zinaozea chini, sioni sababu ya kuihangaikia, labda uitake kwa ajili ya historia yake. Kamua zako mwenyewe, na ukitaka ile harufu ya ganda ambayo chupa inayo na juisi yetu ya kawaida haina, kwaruza ganda moja la kijani uloweke kwenye sukari kabla ya kukoroga, usiguse ile nyeupe ya ndani maana ni chungu. Halafu kunywa siku hiyohiyo.

Kama sababu yako ni afya, hii sio yenyewe. Juisi yoyote ya chupa ya namna hii sehemu kubwa ni maji na sukari, na vitamini C haipendi kukaa. Kwa vipimo vya siku hizi ndimu mbichi ina vitamini C yake ya kutosha kusaidia hata kama limau linaizidi, na pera linaziacha zote mbili mbali sana. Mwenye kisukari aizunguke. Mwenye pumu asome lebo kabla ya kununua juisi za ndimu za chupa za aina yoyote, nyingi huhifadhiwa kwa salfaiti na zipo pumu zinazochokozwa nayo. Ukishaifungua weka kwenye friji, futa mdomo wa chupa kila ukimaliza kumimina maana ile sukari ikiganda kwenye kifuniko kesho yake hakifunguki.

Maksi zangu: kama kinywaji, nne kati ya tano. Kama mbadala wa ndimu jikoni, moja.